Mama hakuwahi kushika sigara. Mapafu yake yameharibikaje?

Swali la msomaji: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Makete. Anakohoa miaka mingi, na sasa akipanda kilima kidogo cha kwenda shambani anasimama mara tatu kuvuta pumzi. Zahanati walimpa dawa za TB, akamaliza miezi sita, akapata nafuu. Baada ya miaka miwili wakamwanzishia tena, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Mwezi uliopita tulimpeleka hospitali ya rufaa, wakampulizisha kwenye mashine, wakasema ana COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Nimesoma kwamba huo ni ugonjwa wa wavuta sigara. Mama hajavuta hata moja, na nyumbani hakuna anayevuta. Je, wamekosea? Na kama hawajakosea, mbona dawa ya kuvuta aliyoandikiwa hatuipati huku kwetu?

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Kwa maelezo uliyonipa, sioni sababu ya kudhani wamekosea. Mwanamke wa nyanda za juu aliyepika kwa kuni tangu utotoni, kisha akaugua TB, ana njia mbili za kuufikia ugonjwa huu, na hakuna hata moja inayopita kwenye sigara. Ulichosoma si uongo. Ila kimeandikwa na watu waliokuwa wakiwaangalia wagonjwa wa kwao.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri sigara inahusika na zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa COPD. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, sigara inahusika na asilimia 30 hadi 40 tu, na moshi wa ndani ya nyumba ni miongoni mwa sababu kubwa. Sasa angalia wanaokufa. Mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani, na kati ya waliokufa kabla ya kufika miaka 70, karibu tisa katika kila kumi walikuwa kwenye nchi kama zetu. Kwa hiyo mgonjwa wa vitabuni ni mzee wa Ulaya mwenye pakiti mfukoni, lakini anayezikwa mapema mara nyingi ni mtu kama mama yako.

Nina jambo la kuungama hapa. Nilipoanza kliniki ya kifua, nilimhudumia bibi mmoja aliyekuja na malalamiko haya haya. Nikamuuliza, "Unavuta sigara?" Akasema hapana. Nikaandika "hapana" na kuendelea na swali linalofuata, kwa sababu fomu haikuwa na mstari wa kuuliza anapikia nini. Alipoinuka kuondoka ndipo nikasikia harufu ya moshi kwenye kitenge chake. Tangu siku hiyo swali la jiko nalitanguliza.

Madaktari wa India na Mexico wana hesabu rahisi ya jambo hili. Wanachukua saa ambazo mtu anakaa kwenye moshi wa jiko kwa siku, wanazidisha kwa miaka aliyopika. Kama mama yako alianza kupika akiwa na miaka kumi, na kwa siku alikaa jikoni saa nne, leo ana zaidi ya 200. Utafiti wa Mexico uliochapishwa 1996 ulikuta kwamba wanawake waliovuka 200 walikuwa kwenye hatari kubwa sana ya mkamba sugu na kuziba kwa njia za hewa. Na mimi naijua Makete. Kwa baridi ile, saa nne ni za mtu anayetoka nje mara kwa mara. Kule moto ndio sebule. Watu wanakaa kuzunguka mafiga kuanzia magharibi hadi usiku, wazee karibu zaidi na moto, na mahindi ya mbegu yametundikwa juu ili moshi uyalinde na fukusi. Moshi unaoweza kumzuia fukusi asile punje miezi mingi unapita pia kwenye kifua cha aliyekaa chini yake.

Kinachoumiza zaidi ni chembe usizoziona. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 50 hadi 70 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazizidi mikroni 2.5. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango kwamba kwa saa 24 hewa isizidi wastani wa mikrogramu 15 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo. Kwenye jiko la mafiga lisilo na dirisha tunapima mamia, na wakati wa kuwasha, kuni zikiwa mbichi, vipimo hupanda hadi maelfu. Njia za hewa zina vinywele vidogo mno vinavyofagia kamasi na uchafu kuelekea kooni. Moshi wa kila siku unavilemaza. Kamasi inabaki, kuta za njia zinavimba, zinanenepa, na mwisho njia zenyewe zinakuwa nyembamba daima. Mapafu ya wapishi wa kuni kwa kawaida huumia hivi zaidi, kwenye njia zenyewe, kuliko ya wavuta sigara, ambao vifuko vyao vya hewa hupasuka kwa wingi. Ndiyo maana mama anakohoa sana na kifua kinalia. Hilo ni la kawaida kwa aina yake ya ugonjwa.

Kuna jambo linalotangulia yote haya, na naomba ulisome taratibu kwa sababu linawahusu hata wajukuu. Mapafu yanakua hadi mtu anapofika miaka 20 au 25 hivi, baada ya hapo yanaanza kupungua kidogo kidogo kwa kila binadamu. Fikiria kihenge cha mahindi. Mtu akishapita ujana anaanza kula akiba, hakuna anayeongeza. Aliyejaza kihenge hadi juu atazeeka bila kufika sakafuni. Lakini mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, akabebwa mgongoni mwa mama anayepuliza moto, akaugua nimonia mara mbili tatu, anaingia utu uzima kihenge kikiwa nusu. Utafiti uliotumia takwimu za watu wa Marekani na Denmark, uliochapishwa 2015, ulikuta kwamba karibu nusu ya waliopata COPD hawakuwa watu ambao mapafu yao yaliporomoka kwa kasi. Walianza na kidogo. Na hao ni watu wa Marekani na Denmark. Mama yako alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Muulize bibi, kama yupo, alikuwa akimlaza wapi wakati wa kupika.

Njia ya pili ni TB. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 duniani waliugua TB. Wengi wa wanaougua wanatibiwa na wanapona, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kupona kunahesabiwa kwa kutokuwepo kwa bakteria. Mgonjwa akimaliza miezi sita, makohozi yakawa safi, kadi inafungwa na anaandikwa amepona. Hakuna anayemwita tena kupima pumzi yake. Huku ndani TB inaweza kuwa imeacha makovu, mashimo, na njia za hewa zilizopanuka na kujaa makohozi. Mtu huyo ataendelea kukohoa. Atarudi zahanati. Atapigwa picha ya kifua, na kovu la zamani kwenye picha linaweza kufanana sana na ugonjwa mpya. Mhudumu asiye na kifaa kingine ataogopa kumwacha mgonjwa wa TB bila dawa, na kwa kweli simlaumu, atamwanzishia tena.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba hiki ndicho kilichotokea kwa mama mara ya pili. Lakini makohozi yasiyoonyesha kitu, nafuu ndogo na kikohozi kilichobaki vinanifanya nishuku. Kwa siku zijazo shikeni hili: akianza kukonda, kutoka jasho usiku, homa za jioni au kukohoa damu, apimwe TB tena bila kuchelewa, na mwelezeni mhudumu kwamba alishatibiwa, kwa sababu kipimo cha GeneXpert kinaweza kuokota mabaki ya bakteria waliokufa miaka ya karibuni. Kikohozi kile kile cha kila siku, bila dalili hizo, kisimrudishe kwenye dozi kabla ya vipimo.

Sasa ile mashine. Inaitwa spirometa. Inapima hewa kiasi gani mtu anaweza kuitoa, na kwa kasi gani. Katika sekunde ya kwanza mtu mwenye afya anatoa zaidi ya asilimia 70 ya pumzi yake yote. Akishindwa kufika hapo hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia, tunasema njia zimeziba. Hicho kipimo cha uwiano ndicho kinachotambua COPD, na ndiyo maana nakubaliana na wenzangu wa hospitali ya rufaa.

Lakini kwenye karatasi kuna namba nyingine, inayosema mapafu ya mama ni asilimia ngapi ya "yanayotarajiwa". Yanayotarajiwa kwa nani? Spirometa ilitengenezwa na daktari wa London, John Hutchinson, aliyechapisha kazi yake 1846 baada ya kupima watu zaidi ya 2,000. Muda si mrefu kifaa kikafika Marekani ya watumwa, na Samuel Cartwright, daktari aliyetetea utumwa, akadai kwamba mapafu ya watu weusi yana upungufu wa asili. Fikra hiyo haikufa pamoja naye. Hadi miaka ya karibuni mashine nyingi zilikuwa zinamtaka mpimaji ajaze rangi ya mgonjwa, na akiwa mweusi, kiwango "cha kawaida" kinashushwa kwa asilimia 10 hadi 15. Maana yake mtu aliyekulia kwenye moshi, njaa na nimonia anaambiwa mapafu yake madogo ni sawa tu kwa watu wa aina yake. Jeraha likageuzwa kuwa maumbile. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza viwango visivyotenganisha watu kwa rangi. Utambuzi wa mama haubadiliki kwa hili, ila ukali wa ugonjwa unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Mna haki ya kuuliza ni viwango gani vilivyotumika.

Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kina kasoro hiyo. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo kikisoma 92 huku mama anahema na hawezi kumaliza sentensi, mwamini mama.

Nije kwenye dawa, kwa sababu hapa ndipo ninapopata uchungu zaidi. Mama alipoambiwa ana TB, dawa zilikuwa bure, zipo zahanati, na huenda kulikuwa na mtu wa kumfuatilia kama amezimeza. Siku ugonjwa ulipobadilika jina, kifua ni kile kile, kikohozi ni kile kile, akapewa karatasi akanunue. Kwa TB, malaria na UKIMWI dunia ilichanga fedha, ikajenga njia za kununua na kusafirisha dawa hadi kijijini. Kwa magonjwa sugu ya kifua haikufanya hivyo. Dawa za kuvuta za COPD na pumu zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu miaka mingi, lakini orodha haiifikishi dawa kwenye rafu ya Makete. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zishughulikie afya ya mapafu kwa ujumla wake. Nimelifurahia, lakini mgonjwa havuti azimio.

Zahanati pengine mtapewa vidonge vya salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa. Jueni tofauti yake. Mpulizo mmoja wa inhela, kile kichupa cha dawa ya kuvuta, ni mikrogramu 100, zinazokwenda moja kwa moja kwenye njia za hewa. Kidonge cha miligramu 4 ni sawa na mipulizo 40 kwa uzito wa dawa, na kinazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana akikimeza moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka. Kwa mwezi inhela inaonekana ghali, lakini ulizeni duka la dawa la Njombe mjini au Makambako, mnunue mbili kwa mpigo na mhesabu mipulizo, maana nyingi zina 200. Kama ana bima, muulize daktari aliyeandika kama aina aliyochagua imo kwenye bima, na kama haimo, kuna mbadala gani.

Mjifunze pia kuitumia kwa chupa. Nusu ya wazee ninaowaona wanapuliza dawa ikaishia kwenye ulimi. Chukueni chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, toboeni kitako chake kwa waya wa moto tundu linalolingana na mdomo wa inhela, muichomeke humo isipitishe hewa pembeni. Mgonjwa anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, mnabonyeza mara moja, anavuta taratibu na kuishikilia pumzi hadi kumi, au anavuta mara tano sita kwa utulivu. Muioshe kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Chupa hii si ubahili. Utafiti wa Cape Town wa 1999, kwa watoto wenye pumu, ulionyesha kwamba inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Kuhusu moshi nitakuwa mkweli, maana utasikia watu wakikuahidi kwamba jiko jipya litamaliza tatizo. Malawi walijaribu majiko banifu ya kuni kwenye kaya zenye watoto zaidi ya 10,000. Matokeo ya 2017 hayakuonyesha nimonia kupungua. Kaya 3,200 za Guatemala, India, Peru na Rwanda zilipewa gesi, na matokeo ya 2024 nayo hayakuonyesha nimonia kali ya watoto wachanga ikipungua kwa kiasi cha kuaminika. Wengine wakasema basi jiko halina maana. Sikubaliani nao. Moshi wa jirani, wa takataka zinazochomwa na wa barabarani unaendelea kuingia ndani, na mapafu yaliyoumia tangu tumboni hayatengenezwi kwa mwaka mmoja. Huko Xuanwei, kusini mwa China, ambako watu walichoma makaa ya mawe yenye moshi mwingi ndani ya nyumba, waliojenga majiko yenye dohani walipata COPD kidogo kuliko wenzao, lakini tofauti ilionekana wazi baada ya kama miaka kumi. Kwa mama ni faida ya kupunguza kasi ya ugonjwa. Kwa mjukuu anayebebwa mgongoni ni kihenge kinachoweza kujaa. Nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka mitano mwaka 2019, na usingoje tafiti zikubaliane ndipo umtoe mtoto jikoni.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Ni lengo jema. Ila gesi inaivisha ugali, haimwondolei mtu baridi ya Makete, na mtungi wa kilo sita ukiisha tarehe 20 watu wanarudi kwenye mafiga. Kwa hiyo fanyeni hivi wakati mkijipanga kununua gesi. Mama asiwashe moto tena. Dakika za kuwasha na kupuliza ndizo mbaya kuliko zote, awashe kijana nje, kuni zikishika ndipo ziingizwe. Kuni zikauke miezi kadhaa chini ya paa. Fungueni tundu pana juu ya ukuta, upande upepo unakotokea, na jingine upande wa pili, au fundi ajenge dohani inayopita juu ya paa. Na kigoda chake kihamie karibu na mlango, apewe blanketi la pili. Najua atagomba, maana nafasi ya mzee ni karibu na moto. Mwambieni ni agizo la daktari.

Kutembea asiache. Wengi wakihema wanakaa, misuli ya miguu inalegea, kisha wanahema zaidi. Atembee tambarare kila siku hadi pumzi ipande kidogo, apumzike, aendelee. Pumzi ikimbana, avute kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Midomo au kucha zikigeuka za bluu, akishindwa kumaliza sentensi, au akawa na usingizi usio wa kawaida, hiyo si ya kungoja asubuhi. Na hospitalini wakimwekea oksijeni, wakumbusheni kwamba ana COPD. Mgonjwa wa COPD tunamlenga asilimia 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kumlaza kabisa.

Mkirudi rufaa bebeni kadi zote mbili za TB na picha za zamani za kifua, hata zilizokunjika, daktari aziweke pembeni ya mpya aone kovu ni la lini. Bebeni na inhela yenyewe, mama aitumie mbele yake. Kisha jibu la swali ambalo huenda hataulizwa mwambieni ninyi wenyewe: anapikia nini, tangu lini, saa ngapi kwa siku. Liandikwe kwenye faili lake.